Majina 100 ya Muluka: Nani Amepata Fedha za Wakulima?



Mwaka huu hatujamaliza hata mkutano mmoja wa tawi bila kuulizwa habari za PDM. Tunakwenda kuzungumza juu ya mikataba ya kazi na malimbikizo ya mishahara, na kabla hatujafika mbali mtu anasimama kule nyuma na kusema: "Ndugu katibu, hayo tumeyasikia. Lakini ile milioni ya serikali wanapewa akina nani?" Watu hucheka, kisha wote hunyamaza, maana kila mmoja anataka kusikia jibu. Kwa hiyo tumeona afadhali tuandike jambo hili lote mahali pamoja, ili mwanachama alisome nyumbani kwake taratibu.

Wako wanaouliza chama cha wafanyakazi kina shughuli gani na fedha za wakulima. Tunayo shughuli kubwa. Fedha hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Zinatoka katika kodi, na mfanyakazi wa mshahara ndiye mlipaji asiyeweza kukwepa: hukatwa PAYE kabla mkono wake haujaugusa mshahara, kisha akienda dukani kununua sabuni hulipa tena. Zaidi ya hayo, ni nani kati yetu hapa Kampala asiye na mama, mke au ndugu anayeshika jembe kijijini? Mshahara wa mjini ndio unaonunua mbegu za kijijini, na muhogo wa kijijini ndio unaotufikisha mwisho wa mwezi mjini. Tena wako wenzetu wa mashamba ya chai, miwa na maua ambao ni wafanyakazi na wakulima kwa siku moja: asubuhi wanavuna mali ya mwajiri, jioni wanapalilia kipande cha mahindi nyuma ya kambi.

Kwanza tueleze mpango wenyewe.

Mpango wa Maendeleo ya Muluka, ambao wengi wanaujua kwa herufi zake PDM, ulizinduliwa na Rais Museveni huko Kibuku tarehe 26 Februari 2022. Kusudi lake lililotangazwa ni kuzitoa katika kilimo cha kujilisha tu zile kaya ambazo haziuzi kitu. Wakati huo zilihesabiwa kuwa 39 katika kila kaya 100 za Uganda, yaani kama kaya milioni tatu na nusu. Miluka ya nchi nzima ilihesabiwa 10,594. Kila muluka ulipangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kila kaya itakayochaguliwa ikopeshwe hadi shilingi milioni moja.

Ndugu msomaji, hapa chukua kalamu. Zidisha milioni 100 kwa miluka 10,594. Utapata zaidi ya shilingi trilioni moja kwa mwaka. Hesabu hiyo ni kubwa mno, na hesabu kubwa mno humchosha mtu mdogo akaiacha. Wakubwa hupenda sana hesabu za namna hiyo kwa sababu hakuna awezaye kuzihoji. Basi iache, urudi katika muluka wako. Milioni 100 ukizigawa kwa milioni moja moja ni kaya 100. Majina 100! Mtoto wa darasa la tano anaweza kuyaandika katika kurasa nne za daftari lake kabla ya chakula cha mchana. Hilo ndilo jambo tunalotaka wanachama walishike. Trilioni ni mambo ya Bunge na Hazina, lakini majina 100 ni mambo ya jirani na jirani. Jirani anamjua jirani yake. Anajua nani ana banda la kuku, nani hana, nani alihamia Jinja zamani, na nani amekwisha kufa.

Majina hayo 100 yamegawanywa hivi kwa kanuni ya mpango: wanawake 30, vijana 30, wanaume 20, wazee 10 na walemavu 10. Kwa hiyo mtu akiwa na orodha mkononi hahitaji kuwa mhasibu. Anahesabu kwa kidole tu. Akiwakuta wanaume 60 katika orodha, anajua pana mchezo.

Fedha hizo ni mkopo, si zawadi, na riba yake ni 6 kwa mia kwa mwaka. Wengine wakisikia neno mkopo husema, basi hii si ruzuku. Ni ruzuku. Mtu akikopa milioni moja katika mpango huu, riba ya mwaka ni shilingi 60,000. Benki za biashara hutoza kama mara tatu ya hapo, na hata hivyo zitamtaka hati ya ardhi ambayo mkulima wa ndizi hana. Tofauti ile kati ya 60,000 na 180,000 kuna mtu anayeilipa, na mtu huyo ni wewe mlipa kodi. Tena fedha zinaporudi katika SACCO zinatakiwa kukopeshwa kaya nyingine. Kwa hiyo asiyerudisha hamwibii waziri, anamwibia jirani aliyesubiri zamu yake. Ndiyo maana orodha nzuri haiishii kwenye jina la aliyepewa. Lazima ioneshe pia nani amerudisha na nani bado.

Fedha hufikaje kwa mtu? Wanakijiji wenye shughuli moja, tuseme kuku au nguruwe au kahawa, huungana katika kikundi. Vikundi vya muluka huunda chama kimoja cha akiba na mikopo, yaani SACCO ya PDM. Kikundi hukaa na kusema ni kaya zipi zitangulie. Majina huenda kwa viongozi wa SACCO, na chifu wa muluka huyaingiza katika kompyuta ya serikali. Hazina hupeleka fedha katika akaunti ya SACCO, na kutoka pale hutumwa kwa mtu mwenyewe, katika akaunti yake ya benki au kwa simu kwa njia ya Wendi.

Ukiitazama njia hiyo utaona kwamba kutoka Hazina mpaka SACCO kuna mafaili, sahihi na wakaguzi. Kutoka kikundi mpaka simu ya mtu kuna watu wanne au watano tu wanaojuana. Hapo ndipo jina linapoweza kubadilishwa, au namba ya simu ikabadilishwa na jina likabaki vile vile. Hapo ndipo mtu huambiwa, "Lete kidogo faili lako lisogee." Maofisa wa miluka kadha wa kadha wamekamatwa na kushtakiwa kwa kudai hicho "kidogo". Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye ameandika katika taarifa zake juu ya mikopo iliyowafikia wasiostahili na miradi ambayo wakaguzi walipokwenda kuitazama hawakuiona. Hatusemi kila chifu wa muluka ni mwizi. Wako wanaofanya kazi hiyo kwa pikipiki mbovu na petroli ya mfuko wao. Hao ndio wa kwanza kufaidika na orodha iliyo peupe, kwa sababu ndiyo shahidi wao.

Sasa tuwaeleze kisa kimoja tulichokishughulikia wenyewe. Hatutataja mahali wala ofisi, kwa kuwa jambo halijaisha.

Mwanachama wetu mmoja, mama mfagiaji, anakaa katika muluka mmoja nje kidogo ya mji. Yeye na wenzake walifungua kikundi cha kuku. Akatoa nakala ya kitambulisho, akapigwa picha, akaweka sahihi. Miezi ikapita. Kila akiuliza anaambiwa, "Mama, jina lako halijarudi." Akaacha kuuliza. Kisha siku moja kwenye foleni ya maji jirani akamwambia kwa kicheko, "Wewe umekula milioni na hata soda hutununulii?" Jirani yule alikuwa katika mkutano mmoja ambapo karatasi ilisomwa haraka haraka, na jina la mama likasikika kati ya waliokwisha kupokea.

Alikuja ofisini kwetu akitetemeka. Hakuwa akilia ile milioni, maana hakuwahi kuizoea. Alisema, "Ndugu katibu, mimi sasa nina deni?" Na kweli, kwa karatasi alikuwa na deni la milioni moja na riba juu yake, deni la fedha ambazo hakuziona hata kwa macho. Muda wa kulipa ukifika, ni yeye atakayeitwa.

Tulikwenda naye kwa wahusika. Tukapokewa vizuri, tukapewa viti. Tulipoomba kuiona orodha tukaambiwa, "Ndugu zangu, hiyo ni siri ya serikali." Tukauliza ni sheria gani iliyoifanya siri. Hakuna aliyejibu. Tukatoka.

Neno hilo "siri ya serikali" ndilo lililotufanya tuketi na kusoma. Katiba ya 1995, kifungu cha 41, inasema kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa zile zinazoweza kudhuru usalama wa nchi au kuingilia siri ya mtu binafsi. Sheria ya Kupata Habari ya 2005 ikaeleza namna ya kuifuata haki hiyo. Unaandika barua kwa mkuu wa ofisi ya serikali inayohusika. Huna haja ya kueleza kwa nini unataka. Ofisi inapewa siku 21 za kujibu. Wakikaa kimya siku zote hizo, kimya chao kinahesabiwa kuwa wamekataa, na wewe unaweza kupeleka malalamiko kwa Hakimu Mkuu. Tena sheria inasema kwamba asiyejua kuandika anaweza kuomba kwa mdomo, na ofisa ndiye atakayeandika na kumpa nakala. Jambo hili la mwisho lilitufurahisha sana, maana ni wachache wanaolijua, na wakati mwingine hata maofisa wenyewe hawalijui.

Lililotuudhi ni ada. Kanuni za 2011 ziliweka ada ya shilingi 20,000 kwa kila ombi. Kwa waziri hiyo ni bei ya chai, lakini kwa mfagiaji ni chakula cha siku kadha nyumbani kwake. Haki ambayo lazima uinunue si haki kamili, na chama chetu kitaendelea kusema hivyo. Kwa mama huyu tuliilipa kutoka mfuko wa tawi, tukachukua risiti.

Tulipokuwa tukingoja zile siku 21 tulikumbushana kwamba Uganda imekwisha kuyapita mambo haya mara moja, na ikashinda. Kati ya 1991 na 1995 serikali ilikuwa ikipeleka fedha za matumizi kwa shule za msingi. Wachunguzi walipofuata nyayo za fedha hizo kutoka Hazina mpaka shuleni, walikuta kwamba katika kila shilingi 100 zilizotumwa, kwa wastani shilingi 13 tu ndizo zilizofika. Zilizobaki ziliishia wilayani, na mwalimu mkuu hata hakujua kwamba zilitumwa. Serikali ilifanya nini? Ilianza kutangaza katika magazeti, hata yale ya lugha za wananchi, kwamba mwezi huu wilaya fulani imepelekewa kiasi fulani, na kila shule ikatakiwa kubandika ukutani fedha ilizopokea. Ilipofika 2001, katika kila shilingi 100 zaidi ya 80 zilikuwa zikifika. Kulikuwa na mabadiliko mengine pia wakati huo, hatukatai, lakini wachunguzi wenyewe walionesha kwamba shule zilizo karibu na mahali gazeti linapouzwa zilipata nafuu kubwa kuliko zile za mbali. Karatasi na gundi.

Tofauti ni kwamba katika fedha za shule, aliyepaswa kupata alijulikana. Shule haijifichi. Katika fedha za wakulima, kwanza lazima mtu achaguliwe, na kuchagua ndiko kwenye maneno.

Historia yetu wenyewe ina mifano ya kutosha. Tulikuwa na mpango wa mikopo ya wakulima wa Uganda Commercial Bank ulioanza 1987. Ikaja Entandikwa katika miaka ya 1990, ambayo wengi waliichukua kama shukrani ya kura na hawakurudisha. Ikaja NAADS mwaka 2001, na Rais mwenyewe aliisimamisha mwaka 2007 kwa malalamiko ya matumizi mabaya, na tena mwaka 2010. Ikaja Bonna Bagaggawale na wale wakulima sita wa mfano katika kila muluka, na kila mtu alijua kwamba mkulima wa mfano mara nyingi ni yule ambaye baraza lake lina viti vya kukalisha wageni. Kisha wanajeshi wa Operation Wealth Creation wakaleta miche kwa malori, mingine ikifika wakati jua linawaka na mvua imekwisha. Kila mpango ulikuwa na orodha yake. Tukiulizana hapa ofisini, watu wazima sisi, hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona moja ya orodha hizo imebandikwa mahali.

Wenzetu wa Tanzania wamepita njia hiyo hiyo. Kuanzia 2008 serikali yao iligawa vocha za pembejeo: mbegu na mbolea za ekari moja, mkulima akilipa nusu ya bei na serikali nusu. Kila kijiji kilikuwa na kamati ya vocha ya wanaume watatu na wanawake watatu, na majina yalitakiwa kupita katika mkutano wa kijiji. Mpango mzuri kabisa kwa maandishi. Lakini uchunguzi uliofanywa Kilimanjaro juu ya vocha za 2009 ulionesha kwamba kama 60 katika kila vocha 100 zilichukuliwa na viongozi wa vijiji wenyewe waliochaguliwa na wananchi. Na wale hawakuvunja kabati usiku. Walikaa mkutanoni mchana, wakajiandika.

Tunaleta mfano huo kwa sababu wako wanaodhani kwamba kamati ikiwa ya wananchi, basi uovu umekwisha. Kamati bila orodha ni watu sita wanaogawana. Na kusoma orodha mara moja mkutanoni, haraka haraka kama alivyosomewa mama yetu, hakutoshi. Sauti hupita. Karatasi iliyobandikwa hukaa, hata aliyekuwa kazini siku ya mkutano huikuta.

Hapa lazima tulijibu jambo ambalo ndugu mmoja wa tawi la Nakawa alituuliza, na lilitusumbua. Alisema, "Mnataka kubandika majina ya maskini ukutani ili kila mtu ajue kwamba fulani alikopa? Je, wenye madeni mengine hawatamvamia siku hiyo hiyo?" Swali hili ni zito, na hata Ulaya wamegombana nalo. Umoja wa Ulaya huwapa wakulima wake fedha nyingi sana kila mwaka, na kwa miaka mingi hakuna mwananchi aliyejua zinakwenda wapi. Uingereza ilipofungua vitabu vyake mwaka 2005, watu walikuta kwamba mpokeaji mkubwa kuliko wote hakuwa mkulima mwenye ng'ombe watano, bali Tate & Lyle, kampuni ya sukari. Hata nyumba ya kifalme ilikuwemo katika orodha. Baadaye wakulima wa Ujerumani wakashtaki kwamba kutangazwa kwa majina yao kunaingilia siri zao, na tarehe 9 Novemba 2010 mahakama ya Ulaya huko Luxembourg ikakubaliana nao: si haki kumtangaza kila mtu bila kutofautisha mkubwa na mdogo. Mwaka 2013 wakatunga kanuni nyingine. Majina yatangazwe, ila mkulima mdogo ambaye fedha zake hazizidi euro 1,250 kwa mwaka jina lake lisitajwe.

Kwa kipimo hicho wakulima wetu wote wa PDM wangefichwa, maana milioni moja yetu haifiki hata euro 300. Je, tuwaige? Sisi tunasema hapana. Kule Ulaya orodha inatafuta mtu mkubwa aliyejificha nyuma ya mkulima mdogo. Hapa kwetu jina la mtu mdogo ndilo linaloibwa. Mama mfagiaji hakudhurika kwa kuwa jina lake lilijulikana. Alidhurika kwa sababu lilijulikana kwa watu wawili tu na yeye hakuwemo. Lakini ndugu wa Nakawa ana haki katika sehemu moja: karatasi ya ukutani isiwe na namba ya simu wala namba ya kitambulisho cha taifa, kwa kuwa wezi wa mtandao nao wanajua kusoma, na iko Sheria ya 2019 ya kulinda habari za watu. Jina, kijiji, kikundi, kiasi, tarehe, na kilichorudishwa. Hayo yanatosha.

Na kama ni haki kuubandika ukutani mkopo wa milioni moja wa mwenye kuku, basi ni haki mara mia kuyabandika mabilioni. Serikali ilikubali kuvilipa fidia vyama vya ushirika vilivyopoteza mali katika vita. Shilingi bilioni 164 zikatajwa, kamati ya Bunge ikachunguza nani alilipwa, na mwezi Juni 2024 baadhi ya wabunge wakafikishwa mbele ya Mahakama ya Kupambana na Rushwa kuhusu fedha hizo. Shauri la mtu huamuliwa na mahakama, sisi hatuhukumu. Tunauliza tu: mwanaushirika wa kahawa au pamba ambaye ghala lake lilichomwa, angejuaje kwamba chama chake kimelipwa? Nani alimbandikia karatasi? Ikiwa orodha ya wakubwa inapatikana tu baada ya uchunguzi wa Bunge, na ya wadogo haipatikani kabisa, basi kazi bado ni kubwa.

Tuseme na kosa letu pia. Wako wanachama wetu, wenye mshahara wa kila mwezi na payslip, waliopata milioni hii kwa kujuana. Tunawajua. Mpango huu ulikusudiwa kaya zisizo na fedha, na mwenye mshahara wa kudumu anayejiandika kama mkulima maskini hana tofauti na yule kiongozi wa kijiji. Orodha ikitoka na jina lako liwemo, usije kwetu kuomba tukutetee. Jambo la vibarua ni jingine. Kibarua wa shamba anayelipwa kwa kilo za chai alizochuma, anayekaa kambini mwaka wa kumi, huambiwa na muluka wa kambi, "Wewe si wa hapa," na muluka wa kwao humwambia, "Wewe hukai hapa." Hayumo katika majina 100 ya popote. Orodha zikiwa peupe ndipo tutakapoweza kuhesabu ni wangapi walioachwa nje namna hiyo, na kwenda mbele na hesabu badala ya manung'uniko.

Turudi kwa mama yetu. Siku ya 17 tuliitwa. Orodha ikaletwa mezani, karatasi chache zilizobanwa kwa pini. Tukaisoma jina kwa jina, naye mama akiwa ameshika kalamu nyekundu ya ofisi yetu. Jina lake lilikuwemo, limeandikwa sawasawa. Namba ya simu iliyokuwa mbele ya jina hilo haikuwa yake, wala hakuwahi kuijua. Alipofika chini ya karatasi alikuwa amekwisha kuwatia alama watu wengine wawili anaowafahamu, mmoja wao marehemu. Ofisi yenyewe ilishtuka, au ilijifanya kushtuka. Mambo yamepelekwa polisi. Mama ameandikiwa barua yenye muhuri kwamba hadaiwi. Milioni yenyewe, mpaka tunapokwenda mitamboni, haijapatikana. Ila kikundi chake kimekubaliana kwamba kuanzia sasa orodha ibandikwe dukani kwa mwenzao mmoja, na wameibandika.

Wanachama wanaotaka kufanya vivyo hivyo wakumbuke mambo machache. Usiiandikie SACCO, maana SACCO ni chama cha wanachama wake. Kama wewe ni mwanachama wa SACCO, una haki ya kusomewa hesabu katika mkutano mkuu, itumie. Barua ya sheria ya 2005 iende kwa mkuu wa ofisi ya serikali inayosimamia: wilayani ni yule anayeitwa CAO, na Kampala ni Mkurugenzi Mtendaji wa KCCA. Taja muluka, taja mwaka wa fedha, omba orodha ya waliokopeshwa, kiasi na tarehe. Ipigwe muhuri wa kupokelewa katika nakala yako, kwa sababu zile siku 21 zinaanza pale. Mkiwa wengi wa muluka mmoja, andikeni barua moja, ada iwe moja. Na ikiwa baraza la wananchi litaitishwa katika gombolola yenu, yale mabaraza ambayo Ofisi ya Waziri Mkuu iliyaanzisha mwaka 2009, nendeni, na mtu mmoja asimame aulize orodha imebandikwa wapi. Msiulize juu ya trilioni. Ulizeni juu ya majina 100.

Mfano wa barua, kwa Kiswahili, Kiingereza na Luganda, uko ofisini kwetu. Njooni Jumamosi kabla ya saa saba mchana. Asiyejua kuandika aje pia, tutakwenda naye.